Darasa la Ramadhani, Siku ya 12: Usimwite Kobe

Bismillahi Rahmani Rahim.



Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na vijana wetu mnaofuatilia darasa hili. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya kumi na mbili ya mwezi huu mtukufu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Tunamuomba Allah azitakabali funga zetu, na wale waliozuiwa na udhuru awaandikie thawabu za nia zao.

Darasa la leo limetokana na swali. Mama mmoja katika jamaa zetu wa msikiti ametuma ujumbe wa sauti, na ameruhusu tuusome bila ya jina. Naufupisha:

"Ustadh, mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Alipokuwa na miaka 4 aliugua saratani ya figo. Akapasuliwa, figo moja ikatolewa, akachomwa dawa za dripu miezi mingi. Alhamdulillah, akapona. Daktari alituambia anywe maji ya kutosha kila siku, na akitaka kufunga tuende kwanza akapimwe. Mwaka huu amegoma kwenda, na amefunga. Juzi amerudi shule kichwa kinamuuma, mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Nimemlazimisha anywe maji, akalia. Akaniambia, 'Mama, mimi nimechoka kuitwa kobe.' Ustadh, nifanyeje?"

Kwa asiyejua lugha ya vijana, kobe ni mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Ni utani wa miaka mingi, na wengi wetu tumeutumia bila kufikiri.

Ndugu yangu, hebu lisikilize vizuri jibu la huyu mtoto. Hakusema amechoka na hospitali, wala hakusema anaumwa. Amechoka kuitwa. Ugonjwa uliondoka miaka kumi na moja iliyopita, lakini kilichomliza juzi ni maneno yetu sisi tuliobaki naye. Basi leo tumjibu mama huyu, halafu tujiangalie na sisi wenyewe.

*1. KWANZA, HUKUMU*

Mama yangu, anza na hili kabla ya yote: mkojo wa rangi ya chai kwa mtoto mwenye figo moja si jambo la kungoja Iddi. Mpeleke hospitali leo. Kichwa kikimuuma usimpe dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni bila kumuuliza daktari, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuumiza figo, na yeye hana figo ya akiba.

Sasa dini inasemaje? Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa na msafiri wasifunge, walipe siku nyingine, kisha akatueleza kuwa Yeye anatutakia wepesi na hatutakii uzito. Maulamaa wameeleza kwamba ruhusa hii haimhusu tu aliyelala kitandani. Anaingia pia yule ambaye kufunga kutamzidishia maradhi, kutachelewesha kupona kwake, au kutamletea madhara, ikiwa hilo limejulikana kwa uzoefu au kwa neno la daktari mwaminifu.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kila aliyewahi kuugua saratani amesamehewa funga. Wako waliopona kabisa, wamepimwa, daktari kasema hakuna tatizo, na hao wakishabaleghe funga ni wajibu wao kama wengine. Wapo hata wenye figo moja wanaofunga salama. Kinachoamua ni vipimo: damu inasemaje kuhusu figo, presha ikoje, mkojo ukoje. Jirani hawezi kuamua hilo kwa kumtazama mtoto usoni, na mimi ustadh siwezi pia.

Likithibiti kwamba hawezi kwa sasa lakini anatarajiwa kuweza baadaye, ataacha na atalipa akipata nafuu. Ikiwa daktari amesema hali hii ni ya kudumu na hataweza, basi kwa kila siku atalisha maskini mmoja, ile fidia ya kibaba tunayoijua. Na zile Ramadhani alizokuwa akitibiwa udogoni, kabla hajabaleghe, hana deni lolote. Nalisema hili kwa sababu wapo vijana wanaobeba hofu ya deni ambalo Allah hakuwaandikia.

Kuna kisa katika Sunan Abi Dawud, amekipokea Jabir (r.a.). Mtu mmoja alipigwa jiwe safarini likampasua kichwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akasema wamemuua, na akafundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Jamani, watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa maswahaba waliotaka mwenzao atekeleze ibada kikamilifu. Lakini walimfungia mlango aliomfungulia Mola wake, na mtu akapoteza roho. Anayemcheka mtoto mwenye udhuru mpaka akafunga kwa kuona aibu, ajue yuko karibu na mlango uleule.

*2. KUPONA NI NUSU YA AFYA*

Saratani za watoto zipo kwetu. Ipo ya figo, ya jicho, ya damu, na ile ya matezi inayovimbisha taya. Hii ya taya aliielezea kwa kina daktari mpasuaji Denis Burkitt, mwaka 1958, akifanya kazi Kampala, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1960, pale Mulago, watoto walianza kupona kwa dawa. Kwa hiyo hapa Afrika Mashariki kupona saratani utotoni si habari ya jana. Leo watoto wanatibiwa Muhimbili, Bugando, KCMC na kwingineko, na wapo wanaomaliza matibabu wakarudi nyumbani, wakakua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani wanapata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 kati ya 100 wanapona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki 30 kati ya 100. Kwa hiyo mtoto aliyepona kwetu amepita kwenye tundu la sindano. Mzazi wake amekesha, ameuza alichonacho, amelala chini sakafuni wodini. Siku daktari anaposema "tumemaliza", nyumba nzima inasujudu, na inastahiki kusujudu.

Tatizo letu ni kwamba tunadhani hadithi imeishia pale.

Tazama Nabii Ayyub (a.s.). Sote tunajua subira yake. Wengi wetu hadithi tunaishia pale alipoambiwa apige mguu wake ardhini, yakatoka maji ya baridi, akaoga, akanywa, maradhi yakaisha. Lakini isome Suratu Swaad uendelee mpaka aya ya 43. Baada ya maji, Mwenyezi Mungu anataja kuwa alimrudishia watu wake, na wengine mfano wao pamoja nao, kwa rehema itokayo Kwake. Mwili ulipona kwa maji, kisha Allah akamrudishia watu. Mtu hajarudi kwenye maisha mpaka arudi kwa watu, na watu warudi kwake.

Hata neno letu "afya" lina maana pana kuliko tunavyolitumia. Asili yake ni al-aafiya ya Kiarabu, yaani kusalimika: mwili, akili, dini, heshima na watu wako. Sayyidna Abbas (r.a.), ami yake Mtume, alipotaka afundishwe kitu cha kumuomba Allah, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aombe hiyo al-aafiya. Alirudi siku nyingine kuuliza, akaelekezwa hilohilo.

Na madaktari nao wamefika hapohapo kwa njia yao. Wanapotaka kujua mtoto aliyepona saratani anaishije, hawaishii kupima damu. Ipo dodoso inayotumika nchi nyingi yenye maswali 23, katika mafungu manne: mwili wake, hisia zake, watu wake na shule yake. Je, anaweza kukimbia? Ana hofu? Ana huzuni? Wenzake wanamtania? Anaweza kuzingatia darasani? Na mzazi anapewa fomu yake peke yake, na mtoto anapewa yake. Kwa nini mbili? Kwa sababu anayoyaona mama na anayoyasikia mtoto moyoni yanaweza kupishana sana.

*3. YALE TUSIYOYAONA KWA MACHO*

Ndugu yangu, dawa zinazoua saratani ni kali. Zinaokoa roho, na wakati mwingine zinaacha alama. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006, uliowafuatilia watu zaidi ya 10,000 waliopona saratani ya utotoni, ulikadiria kuwa ikifika miaka 30 tangu ugonjwa, karibu 73 kati ya 100 wanakuwa na tatizo moja au zaidi la afya la kudumu, kubwa au dogo. Sisemi hivi kuwatisha wazazi. Nasema ili tuache kuwahukumu vijana kwa tunachokiona nje.

Ipo dawa inayoweza kuudhoofisha moyo, na udhaifu huo ukajitokeza miaka mingi baadaye. Basi kijana anayekaa chini katikati ya mpira akihema, usimwite mvivu. Akianza kuhema kwa kazi ndogo au miguu ikavimba, apelekwe akapimwe moyo. Ipo dawa inayogusa mishipa ya fahamu, miguu ikabaki na ganzi, mtu akawa anajikwaa. Ipo mionzi ya kichwani, ambayo inaweza kupunguza kasi ya akili kushika mambo, au kuchelewesha urefu.

Hapa nawageukia walimu wa madrasa. Ipo dawa ya saratani inayoweza kuharibu usikivu, na huanza na sauti nyembamba za juu. Mtoto anakusikia unapomwita, anageuka, unaona masikio ni mazima. Lakini zinazompotea ni sauti kama za *siin*, *shiin*, *thaa* na *faa*. Sasa mtoto huyu umemkalisha mbele yako asome, kila mara *thaa* inakuwa *siin*, unamwambia hasikilizi, unamchapa mbele ya wenzake. Mwalimu wangu, huenda hajawahi kuisikia hiyo herufi unayomdai. Muulize mzazi wake aliwahi kuugua nini. Mkalishe mbele, atazame midomo yako, na mshaurini mzazi akampime masikio. Kufundisha makhraj kunahitaji huruma kabla ya fimbo.

Na tarawehe. Ukimuona kijana mwenye mwili wake amekaa kwenye kiti rakaa ya nne, wengine wanasimama mpaka mwisho, usimkodolee macho. Imran bin Huswain (r.a.) alipokuwa na maradhi, Mtume (s.a.w.) alimwambia asali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Imo katika Bukhari. Haikuwekwa sharti kwamba ugonjwa uonekane na majirani.

*4. NDIMI ZETU*

Sasa turudi kwa kobe.

Anas bin Malik (r.a.) anasimulia, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba walikuwa wakisafiri pamoja na Mtume (s.a.w.), wengine wamefunga na wengine wamefungua, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Na katika Muslim, Abu Said al-Khudri (r.a.) anaeleza kuwa ilikuwa Ramadhani, na walikuwa wanaona aliyepata nguvu akafunga amefanya vizuri, na aliyehisi udhaifu akafungua amefanya vizuri.

Ule ulikuwa msafara wa watu bora wa umma huu. Njia moja, jua moja, huyu anakunywa maji na yule kafunga, na hakuna anayemtazama mwenziwe kwa jicho baya. Sisi tuko mtaa mmoja, tunamuona mtoto na chupa ya maji saa nane mchana, tunampa jina kabla hatujamuuliza hali. Na Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza waziwazi kudharauliana na kupeana majina mabaya. Imetuambia pia kwamba huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau. Huenda huyo kobe wako amefunga kwa subira tangu ana miaka minne, funga ambayo wewe hujaifunga hata siku moja.

Si kobe tu. Kuna maneno mengine tunayasema kwa sauti ya huruma, na yanachoma zaidi:

"Maskini, atapona kweli huyu?" Kashapona miaka kumi. Anakusikia.

"Yale maradhi hayaishi, yanajificha tu." Hofu ya ugonjwa kurudi tayari anayo. Kila homa, kila uvimbe wa mbu, moyo unamruka. Usimwongezee.

"Usinywee kikombe chake." Saratani haiambukizi kwa kikombe, kwa kulala pamoja, wala kwa kushikana mikono.

"Mama yake alikosea wapi?" Saratani nyingi za watoto hazina sababu ambayo mzazi angeweza kuizuia. Kumtafutia mama dhambi, au kumtafutia jirani uchawi, ni dhulma juu ya msiba.

Na lile la mwisho linalosemwa chini chini, hasa kwa mabinti: "Nani atamuoa?" Tuseme ukweli hapa. Baadhi ya dawa na mionzi zinaweza kuathiri uzazi. Hilo lipo, linapimwa, na linazungumzwa na daktari kwa staha. Lakini wengi waliopona saratani utotoni wanaoa, wanaolewa na wanazaa, na watoto wao kwa kawaida hawazaliwi na saratani. Zipo aina chache za kurithi, mfano baadhi ya saratani za jicho, na dawa yake ni kuwapima macho watoto wao mapema. Kumfuta binti kwenye orodha ya posa kwa jambo la miaka mitano yake, bila elimu wala swali, si uangalifu. Mtume (s.a.w.) alimposea mwenyewe Julaybib (r.a.), swahaba ambaye watu hawakuwa wakimtazama kwa umbo lake, na binti wa Kianswari aliyeposwa akaridhia wakati wazazi wake wanasitasita.

*5. MUULIZENI MWENYEWE*

Anas (r.a.) alikuwa na mdogo wake, Abu Umair, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume (s.a.w.), kiongozi wa umma, mwenye wahyi na mambo ya dola, alipomuona mtoto yule alimuuliza yeye mwenyewe juu ya kile kindege.  Alimwita kwa kuniya yake ya heshima, akazungumza naye habari ya huzuni yake.

Wazazi wangu, mtoto wenu akifika miaka kumi na tatu, kumi na nne, mna jambo la kufanya ambalo wengi tunalikimbia. Mwambieni alichougua. Zipo nyumba ambazo kijana ana kovu la tumbo zima na jibu alilopewa ni "ulikuwa na kauvimbe". Mwenziwe shule anamuuliza, hana la kusema. Anaokota jina la ugonjwa wake kwa shangazi msibani. Ficha hii tunaiita huruma, lakini inamwacha peke yake na kovu lake.

Mwambieni kwa lugha yake, kwa utulivu, na jina la ugonjwa mlitaje. Kisha mpeni karatasi zake. Nendeni hospitali mliyotibiwa mkaombe muhtasari wa matibabu: ugonjwa ulikuwa nini, alipasuliwa wapi, alipewa dawa gani na kiasi gani, alipigwa mionzi sehemu gani, na apimwe nini kila baada ya muda gani. Iwekeni pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Akifika miaka thelathini yuko mji mwingine mbele ya daktari asiyemjua, karatasi ile ndiyo itakayomsemea.

Halafu muulizeni. Msimuulize "unaumwa?", maana atajibu "hapana", na mazungumzo yatakufa. Muulizeni: shule wanakuitaje? Unalala vizuri? Kipi kinakuchosha? Unaogopa nini? Nyamazeni mpaka amalize. Akilia, mwacheni alie. Akiwa na huzuni isiyokwisha wiki hadi wiki, hali, halali, hataki watu, hiyo nayo ni ya kupeleka hospitali kama homa, na dua tunaendelea nayo. Kumpeleka hakupunguzi imani ya mtu.

Na mama uliyeleta swali: kabla ya kumkataza au kumruhusu, kaa naye baada ya futari, wawili tu. Mwambie umesikia alichosema. Nendeni kwa daktari pamoja, na daktari azungumze na yeye, asizungumze na wewe tu. Akiruhusiwa, afunge kwa mpango: asiache daku, anywe maji vizuri kati ya futari na daku, na siku akiona dalili afungue bila aibu. Akikatazwa, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah anapenda ruhusa Zake zitumiwe. Basi kikombe chake cha maji saa nane mchana, kikinywewa kwa kumtii Mola wake, ni ibada. Na asilazimike kwenda kukinywa chooni. Anywe kwa staha, nyumbani kwao au ofisini kwa mwalimu, bila kujificha kama mwizi.

*6. NENO KWAKO WEWE KIJANA*

Mwanangu, huenda unasoma hapa kwa simu ya mama. Huenda una kovu, jicho la bandia, mguu wa chuma, au huna alama yoyote na hakuna anayejua.

Hujapungua. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) hakuwa na macho, na alikuwa muadhini wa Mtume, na Mtume akisafiri aliwahi kumwachia Madina asimamie na kusalisha watu. Kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo wa Suratu Abasa. Allah hakuwataka watu wamwonee huruma tu. Aliwataka wamgeukie na wamsikilize.

Huna deni la kumthibitishia mtu yeyote kwamba umepona. Usiue figo yako ili wakina fulani wanyamaze. Akikuita kobe mwenye kujua, mwambie "nina udhuru", kisha uendelee na safari yako. Huwajibiki kumsimulia kila mtu historia yako, na ukitaka kuisimulia ni yako, isimulie. Sigara na shisha zikimbie, mwili wako ushabeba ya kutosha. Kliniki usiiache kwa sababu unajisikia mzima. Mzima ndiye anayetakiwa kuilinda afya yake, na Mtume (s.a.w.) ametaja afya na nafasi kuwa neema mbili ambazo watu wengi wanahasirika nazo.

Na kama funga ya tumbo imekupita, mwezi haujakupita. Qur'an ipo. Dhikri ipo. Mkono wa kumsaidia mama kupika futari upo. Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu mfano wa thawabu zake, nawe waweza kuzipata kwa kokwa ya tende.

*KAZI YETU YA LEO*

Moja: neno kobe life kwenye ndimi zetu kuanzia leo, na mzazi atakayemsikia mwanawe akilisema amwelekeze kwa upole.

Mbili: kama mtaani kwako yupo kijana aliyewahi kuugua, mwalike futari. Usimwalike kama mgonjwa. Mwalike kama mgeni, na akija msimuulize ya ugonjwa mpaka aanze yeye.

Tatu: walimu wa madrasa na wasimamizi wa vijana, wapeni kazi: adhana, kugawa misahafu, kusoma darsa, kusimamia watoto wadogo. Mtu anarudi kwa watu akiwa na nafasi yake kati yao.

Nne: mwenye uwezo amsaidie mzazi nauli ya kliniki. Kuna mtoto hajapimwa moyo miaka miwili, na kilichomzuia ni basi la kutoka mkoani.

*DUA*

Ewe Mola wetu, uliyemrudishia Ayyub mwili wake kisha ukamrudishia watu wake, warudishie vijana wetu waliopona yale yaliyobaki. Wape miili yenye nguvu, nyoyo zisizo na hofu, na marafiki wasiowacheka. Walioko wodini usiku huu wateremshie shifaa. Waliotangulia, wakubali kuwa waombezi wa wazazi wao, na uwape wazazi wao subira njema. Wape madaktari na wauguzi malipo ambayo sisi hatuwezi kuwalipa. Na zisafishe ndimi zetu, zisije zikamfungia mja wako mlango uliomfungulia Wewe. Amin, yaa Rabbal aalamin.

Darasa la kesho, inshaallah: zakatul fitri, nani anatoa na anampa nani. Mwenye swali alilete mapema, kwa maandishi au kwa sauti.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

_Mfikishie na mwenzio, hasa mzazi mwenye mtoto wa shule na mwalimu wa madrasa._